Je, Wajua? Hospitali ya Wakfu Mjini Kairo

Je, wajua ya kwamba mnamo mwaka 1284, katika mji wa Kairo, Sultani al-Mansur Qalawun alianza kujenga hospitali ambayo, kwa hati ya wakfu wake, ilikuwa wazi kwa kila mgonjwa, tajiri na fukara, mwanamume na mwanamke, pasi na malipo? Wanahistoria husimulia kuwa Qalawun, angali amiri wa jeshi, alishikwa na msokoto mkali wa tumbo huko Damascus, akatibiwa kwa dawa za hospitali ya Nur al-Din, naye akaweka nadhiri kwamba Mola akimjaalia ufalme atajenga mfano wake.

Katika hospitali ya Qalawun, wenye homa walikuwa na ukumbi wao, wenye maradhi ya macho wao, na wenye kuhara wao. Lakini linalonistaajabisha zaidi ni mambo madogo ambayo hati ile haikuona haya kuyataja: kila mgonjwa apewe chombo chake mwenyewe cha kulia, chakula kifunikwe kinapopelekwa kwake, na wakati wa joto vinunuliwe vipepeo vya majani ya mtende.

Tabibu Ibn al-Nafis, ambaye kabla ya matabibu wa Ulaya alieleza jinsi damu ipitavyo mapafuni itokapo upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto, alipofariki mwaka 1288 aliiachia hospitali hiyo nyumba na vitabu vyake. Sehemu kubwa ya jengo la asili imekwisha bomoka. Katika kiwanja hicho, karne ya 20, ikajengwa hospitali ya macho.