Skrini za kasi inayojirekebisha: nani anastahili kuzilipia?

WANUNUZI wa skrini za kompyuta kwa ajili ya michezo ya ushindani hukutana na nembo mbili kwenye makasha, G-Sync ya kampuni ya Nvidia na FreeSync ya kampuni ya AMD. Kwa miaka kadhaa nembo ya G-Sync ilimwongezea mnunuzi gharama isiyo ndogo. Swali la mwenye ukumbi wa michezo, na la kijana anayetaka kushindana, ni kama kitu hicho humsaidia mchezaji kushinda au ni pambo la kasha tu.

Jibu hutegemea zaidi kompyuta iliyounganishwa na skrini kuliko skrini yenyewe. Tena linaelekea upande ambao wauzaji hawapendi kuutaja: anayefaidika zaidi si bingwa mwenye mashine ya gharama kubwa, bali yule mwenye mashine ya wastani.

Skrini ya kawaida hubadili picha kwa mwendo usiogeuka. Ile ya hezi 60 hubadili picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7. Kadi ya picha iliyomo ndani ya kompyuta haifuati saa hiyo. Mchezo ukiwa umetulia inaweza kutoa picha 90 kwa sekunde; bomu likilipuka na moshi ukatanda, zinashuka hadi 50. Picha mpya ikifika wakati skrini ingali inachora ile ya zamani, mchezaji huona sehemu ya juu ya picha moja na sehemu ya chini ya nyingine, kama kitambaa kilichochanika kikashonwa upande.

Dawa ya zamani, iitwayo V-Sync, ni kuilazimisha kadi isubiri zamu. Mchaniko unakwisha, lakini kusubiri ni kuchelewa. Kwenye skrini ya hezi 60, picha iliyokosa zamu moja hungoja karibu milisekunde 17 nyingine, na picha zikipanga foleni ucheleweshaji huzidi hapo. Katika mchezo wa kufyatuliana risasi muda huo unatosha kumwondoa mtu mchezoni. Ndiyo maana washindani wa Counter-Strike kwa kawaida huizima V-Sync na kuuvumilia mchaniko.

Skrini za kasi inayojirekebisha ziligeuza utaratibu huo: skrini ndiyo inayoisubiri kadi. Nvidia ilitangaza G-Sync mwezi Oktoba 2013, nayo ilihitaji kifaa maalumu ndani ya skrini. Kifaa cha kujifungia mwenyewe kwenye skrini moja ya Asus kiliuzwa dola 199 za Marekani, na skrini ya Asus PG278Q iliyotoka kiwandani nacho mwaka 2014 ilianza kuuzwa nchini humo kwa dola 799.

Kisha ukaja ushindani. Mei 2014, chama cha viwango cha VESA kiliingiza Adaptive-Sync katika kiwango cha DisplayPort 1.2a, na AMD ikajenga FreeSync juu yake bila kuwatoza watengenezaji ada ya leseni. Skrini za FreeSync zilipoenea kuanzia 2015, Nvidia ilibaki na bidhaa nzuri yenye bei isiyoeleweka kwa mnunuzi wa kawaida. Januari 2019 ilikubali: kadi zake zikaanza kufanya kazi na skrini za Adaptive-Sync. Kampuni hiyo ilisema imejaribu skrini 400 na kuzipitisha 12 tu. Ilikuwa namna ya kufungua mlango huku ikilalamikia wageni. Agosti 2024 ilitangaza mpango na MediaTek wa kuziingiza kazi za G-Sync katika chipu ya kawaida ya skrini, bila kile kifaa cha pembeni.

Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba nembo yenyewe haistahili tena kulipiwa bei ya ziada. Kujirekebisha kwa kasi sasa huja pamoja na skrini nyingi za michezo. Kinachobaki kulipiwa ni hezi.

Hapo hesabu inahitaji uangalifu. Kutoka hezi 60 hadi 144, muda kati ya picha na picha hushuka kutoka milisekunde 16.7 hadi 6.9, faida ya karibu milisekunde 10. Kutoka 240 hadi 360 faida ni milisekunde 1.4 tu. Hatua ya kwanza hata mgeni huiona; ya pili ni ya watu wanaoishi kwa mchezo huo. Watu hao wapo: Kombe la Dunia la michezo hiyo lililofanyika Riyadh mwaka 2024 lilikuwa na zawadi zilizozidi dola milioni 60.

Bingwa wa namna hiyo hutumia kompyuta inayotoa picha 400 au zaidi kwa sekunde kwenye skrini ya hezi 240 au 360. Mchaniko upo, lakini kila kipande hupishana kidogo na hudumu milisekunde tatu au nne. Skrini kujirekebisha hakumsaidii sana, kwa sababu kadi yake iko juu ya dari ya skrini wakati wote. Wengine wa kundi hilo huchagua badala yake taa ya skrini inayowaka na kuzima haraka ili kupunguza ukungu wa picha, kama DyAc ya BenQ. Kwenye skrini nyingi mambo hayo mawili hayawashwi pamoja.

Mwenye kadi ya wastani yuko upande wa pili. Picha zake hupanda na kushuka kati ya 60 na 120 kwa sekunde, na huyo ndiye aliyetengenezewa teknolojia hii. Haimpi shabaha, lakini inamwondolea mchaniko bila kumtoza ule ucheleweshaji wa V-Sync, na mwendo wa adui unaonekana laini hata mashine inapohema.

Anapaswa tu kusoma maandishi madogo. Skrini iliyoandikwa hezi 48 hadi 75 hujirekebisha ndani ya mipaka hiyo peke yake. Picha zikishuka chini ya 48, mchaniko au kukwama kunarudi. Pale namba ya juu inapozidi maradufu ya ile ya chini, kwa mfano 48 hadi 144, kadi inaweza kurudia kila picha mara mbili na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Aidha, baadhi ya skrini za aina ya VA humetameta kasi inapobadilika ghafla, hasa kwenye picha za giza.

Wenye kumbi za PlayStation wana hesabu nyepesi zaidi. PS4 haina uwezo huu kabisa, hivyo atakayeiwekea skrini ya FreeSync kwa sababu ya nembo amelipia kitu kisichowaka. PS5 ilipewa uwezo huo Aprili 2022, kupitia HDMI 2.1, kati ya hezi 48 na 120. Kwa mpira wa miguu unaochezwa kwa picha 60 zisizoyumba, faida yake ni ndogo. Fedha hiyo afadhali inunue padi za akiba, ambazo ndizo huharibika kwanza.

Jambo la mwisho halina gharama, na ndilo husahauliwa mno. Skrini ya hezi 144 ikiunganishwa na kompyuta mara nyingi huanza kwa hezi 60, na itabaki hapo mpaka mwenyewe aingie kwenye mipangilio ya Windows na kuibadilisha. Kujirekebisha nako huwashwa mara mbili, kwenye menyu ya skrini yenyewe na kwenye programu ya kadi. Kwa skrini ya hezi 144, mchezo uwekewe ukomo wa picha 141 hivi, ili kadi isigonge dari na kurudi kwenye foleni ile ile ya V-Sync. Wapo waliomaliza msimu mzima wa mashindano ya mtaani wakiilaumu skrini iliyokuwa bado kwenye hezi 60.