Nani Mkristo wa Kweli? Ikhtilafu za Madhehebu Kandokando ya Ziwa Kivu

Katika mji wa Gisenyi, makao ya wilaya ya Rubavu, ulioenea kando ya Ziwa Kivu hadi mpakani mwa Goma, Wakristo hawaafikiani hata juu ya siku ya kupumzika. Jumamosi Wasabato hufunga maduka yao wakaenda kusali. Jumapili, ilhali wao wamekwisha rudi kazini, kengele za Wakatoliki hulia, na katika nyumba za ibada za Wapentekoste, Wapresbiteri na Waanglikana nyimbo huendelea hadi adhuhuri. Salamu nazo ni mbalimbali: kwa wasemao Kiswahili, Mkatoliki hutamka "Tumsifu Yesu Kristo" akangojea "Milele, amina", na aliyeokoka hutamka "Bwana asifiwe", na kwa jibu atakalolipata kila mmoja hutambua papo hapo kama aliye mbele yake ni wa kwao au si wa kwao.

Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Wakatoliki kuwa kama asilimia 40 ya watu wote wa Rwanda, Wapentekoste wa kanisa la ADEPR asilimia 21, Waprotestanti wengine 15, na Wasabato 12. Kwa hiyo aghalabu ukoo mmoja huwa na watu wa madhehebu mawili au matatu, na suala la nani Mkristo wa kweli si la wanazuoni peke yao, bali huingia nyumbani pamoja na posa, huketi matangani, na huzuka mtoto anapozaliwa, wazazi wanapoulizana atabatizwa wapi na kwa maji kiasi gani.

Hawa wote hawakuja kwa njia moja. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Save mwaka 1900 na ya Nyundo, karibu na Gisenyi, mwaka 1901. Walutheri wa Kijerumani wa Bethel wakafuata mwaka 1907, na kazi yao, baada ya vita vikuu vya kwanza, ikashikwa na Waprotestanti wa Ubelgiji. Waanglikana wakatulia Gahini mwaka 1925. Wapentekoste wa Uswidi wakaingia kutoka Kongo mwaka 1940. Kila mmoja alikuja na Injili, na pamoja na Injili alileta ugomvi wa nchi yake, ambao Mnyarwanda hakuwa na sehemu yoyote katika chanzo chake. Wakati wa Wabelgiji, hasa baada ya Mfalme Mutara Rudahigwa kubatizwa mwaka 1943, Ukatoliki ulikuwa ndiyo dini ya wakubwa, na Mprotestanti alihesabiwa kuwa mtu wa pembeni. Uganda jirani ilikuwa imekwisha onja uchungu zaidi: Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja Namugongo mwaka 1886, na wauaji wao hawakuwabagua, lakini miaka sita haijatimia, Januari 1892, wenzao walionusurika walipigana kwa bunduki katika kilima cha Mengo, hawa wakiitwa Wafaransa na hawa Waingereza.

Katika Afrika Mashariki hoja hii haikupata kujadiliwa kwa ukali na kwa elimu kama ilivyojadiliwa baada ya mkutano wa Kikuyu, Kenya, wa Juni 1913. Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wamisionari wa Africa Inland Mission walikutana kutafuta shirikisho, na walipomaliza, Askofu Peel wa Mombasa aliadhimisha Meza ya Bwana katika kanisa la Wapresbiteri, na watu wa madhehebu mengine wakashiriki. Habari zilipofika Zanzibar, Askofu Frank Weston, ambaye kanisa lake kuu lilisimama Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, aliwashitaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akisema kwamba wameeneza uzushi na mfarakano. Kwa maana itikadi yake ilikuwa kwamba pasipo maaskofu waliopokezana mikono tangu mitume hakuna Kanisa kamili, na asiyetiwa mikono na askofu hana ruhusa ya kufika mezani. Jibu la Canterbury lilitoka Pasaka ya mwaka 1915, nalo liliruhusu wageni wa madhehebu mengine wapokewe katika hali fulani, lakini halikuruhusu Waanglikana wapokee sakramenti kwa wachungaji wasio na daraja la kiaskofu.

Ni rahisi kumwona Weston kuwa mtu wa roho ndogo, na mimi sikubali. Askofu huyo huyo, mwaka 1920, alitoa kijitabu cha kuilaumu serikali ya Kiingereza kwa kuwatumikisha Waafrika kwa nguvu, wakati ambapo wengi waliojiona wapole kuliko yeye walinyamaza. Ukali wake juu ya Kanisa na huruma yake juu ya watu vilitoka katika chemchemi moja: aliamini kwamba Kristo hukutana na mtu katika vitu vinavyoshikika, yaani mwili, mkate, maji na mkono wa askofu, na kwamba avidharauye hivyo atakuja kuudharau na mwili wa maskini. Mtu aweza kuikataa hoja hiyo, lakini insafu yataka aielewe kwanza.

Katika miaka ya 1930 kipimo kilihamishwa kutoka nje kikaingia ndani. Huko Gahini, daktari Joe Church pamoja na Waganda, akina Simeoni Nsibambi na ndugu yake Blasio Kigozi, waliwasha uamsho uliopita Rwanda, Uganda, Tanganyika na Kenya, nao haukuuliza umebatizwa na nani, bali uliuliza umeokoka lini, na dhambi zako umeziungama mbele ya nani. Uamsho huo uliwapatanisha watu waliokuwa na visasi, uliwafanya wengi warudishe mali waliyoiba, na uliwaketisha Mzungu na Mwafrika katika toba moja, jambo lililokuwa nadra siku hizo. Walakini ulizaa mgawanyiko mpya ndani ya kanisa lile lile, kwa kuwa aliyeokoka alimtazama kasisi wake mwenyewe kuwa ni mtu wa nje. Mwaka 1941 wanafunzi 26, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa katika chuo cha Mukono, na ugomvi huo ulikuwa wa Waanglikana watupu.

Juu ya maji kila upande una dalili zake katika Maandiko. Wapentekoste na Wasabato hushika ubatizo wa maji mengi wa mtu aliyekwisha amini, na kwao aliyenyunyiziwa utotoni hajabatizwa bado, hivyo akijiunga nao sharti azamishwe. Mkatoliki, kwa upande wake, huukubali ubatizo wowote uliofanywa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, hata kama mbatizaji hakuwa Mkatoliki. Kauli hii ya pili ilipatikana kwa mabishano makubwa, na yalikuwa mabishano ya Waafrika. Katika karne ya tatu Askofu Cyprian wa Carthage alishikilia kwamba ubatizo wa nje ya Kanisa si ubatizo, na Stephano wa Roma akampinga. Karne iliyofuata, baada ya mateso yaliyoanza mwaka 303, wafuasi wa Donatus walikataa sakramenti za makasisi waliosalimisha Maandiko kwa watesi, na Augustino wa Hippo akawajibu kwamba sakramenti ni ya Kristo, wala haiharibiki kwa uovu wa mkono uitoao. Shauri lilihukumiwa Carthage mwaka 411.

Nimelileta shauri hilo la kale kwa sababu mwaka 1994 liliifikia Rwanda kwa sura ya kutisha kupita kiasi. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliokimbilia makanisa waliuawa humo, na hapo Nyundo, penye kanisa kuu la jimbo, hali ilikuwa ni hiyo. Athanase Seromba, padri wa jimbo hilo, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008 na mahakama ya kimataifa ya Arusha, kwa kushiriki katika kuliangusha kwa tingatinga kanisa la Nyange, likiwa na watu wapatao 1,500 ndani yake. Mchungaji wa Kisabato Elizaphan Ntakirutimana wa Mugonero alihukumiwa na mahakama hiyo hiyo mwaka 2003. Wa kwanza alikuwa na daraja ambalo Weston angelitambua. Wa pili alikuwa amezamishwa katika maji mengi na kuishika Sabato.

Katika siku zile zile, hapa Gisenyi, Felicitas Niyitegeka, mwanamke wa Kihutu wa shirika la Wasaidizi wa Utume, aliwaficha Watutsi katika kituo cha Mtakatifu Petro na kuwasaidia wengine kuvuka hadi Goma. Ndugu yake, ofisa wa jeshi, alimsihi ajiokoe, akakataa kuwaacha. Akauawa pamoja nao tarehe 21 Aprili 1994, na taifa likamweka katika safu ya mashujaa waitwao Imena. Yeye na Seromba walikuwa Wakatoliki wa jimbo moja. Hakuna hati ya ubatizo, wala salamu, wala siku ya ibada, ambayo ingeweza kuwatenga wawili hao mwezi mmoja kabla.

Je, basi madhehebu yaache kubishana? Sioni hivyo, maana imani isiyo na mipaka haiwezi hata kufundishwa. Mwaka 2021 Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliacha kulihesabu kuwa mwanachama kanisa la Wakimbangu la Kongo, lililopokewa mwaka 1969, kwa sababu mafundisho yake juu ya Simon Kimbangu, aliyefia gerezani mwaka 1951 baada ya miaka 30 ya kifungo, yameonekana hayapatani na Utatu Mtakatifu. Kwa maoni yangu Baraza lilikuwa na haki, kwani lilihukumu ungamo, na ungamo limeandikwa na laweza kupimwa. Tatizo huanza pale hukumu ya ungamo inapogeuzwa kuwa hukumu ya nafsi ya mtu, ambayo hakuna baraza wala askofu aliyepewa macho ya kuiona.

Mapadri hulijua jambo hili katika kazi yao ya kila siku, maana Mkatoliki wa Gisenyi akitaka kumwoa Mpresbiteri, askofu humpa ruhusa ya kuoa Mkristo mwenzake. Akitaka kumwoa binti wa Wakimbangu kutoka Goma, ambao hubatiza bila maji, ruhusa itolewayo ni ile ya kumwoa asiyebatizwa. Karatasi ni tofauti kabisa, na padri hana budi kuiandika kama sheria isemavyo. Lakini karatasi hiyo haimwambii bwana harusi kwamba binti huyo hampendi Kristo, na padri mwenye busara humweleza hivyo kabla hajatia sahihi.