Je, Wajua? Kichaka cha Kijivu cha Prairi

Ni ndugu wa kunde na mbaazi, ila hakiingii chunguni. Wataalamu hukiita Amorpha canescens, na kwao ni prairi, zile mbuga za majani za Marekani Kaskazini, kuanzia Manitoba nchini Kanada hadi Texas. Utakitambuaje?

JE, WAJUA…

• Kwamba rangi ndiyo dalili ya kwanza? Majani na machipukizi yake yamejaa vinyweleo vyeupe, hata kichaka kizima huonekana kana kwamba kimemwagiwa majivu. Walowezi walikiita mmea wa risasi, na wapo walioamini kwamba kinapoota, chini kuna madini ya risasi.

• Kwamba hakikui sana? Kimo chake ni kati ya sentimita 30 na mita 1. Jani moja hubeba vijani hadi karibu 50, vimepangwa viwili viwili, na kimoja kimekaa peke yake nchani.

• Kwamba ua lake lina petali moja tu? Ua la kunde lina petali tano: moja pana iliyosimama, mbili za ubavuni na mbili za chini zilizoungana. Hapa imebaki ile ya juu pekee, ya zambarau, imejikunja kuzizunguka stameni 10. Chukua kioo cha kukuzia: utaona vichwa vya chavua vya rangi ya chungwa vimechomoza nje ya petali.

• Kwamba masuke yake huchanua kuanzia chini kwenda juu? Msimu ni Juni hadi Agosti. Ukikuta suke lenye maua yaliyonyauka chini na vitumba juu, usishangae.

• Kwamba ganda lake halipasuki? Ni dogo, lina urefu wa milimita chache, lina vinyweleo, na ndani mna mbegu moja tu.

• Kwamba kina ndugu wa kukuchanganya? Amorpha fruticosa hurefuka kupita kimo cha mtu na hupenda kingo za mito. Amorpha nana ni mfupi, lakini majani yake ni ya kijani, na kwa kawaida suke lake hukaa peke yake. Masuke ya kichaka chetu husongamana nchani mwa tawi. Dalea purpurea nayo ina maua ya zambarau, ila shina lake si la mti na vijani vyake ni vichache na vyembamba.

• Kwamba mizizi yake huweza kushuka mita 5 ardhini? Ndiyo maana ukame haukitishi. Wakulima wa kwanza walioivunja prairi kwa plau waliisikia mizizi hiyo migumu ikikatika.

• Kwamba moto haukimalizi? Matawi yakiungua, machipukizi mapya hutoka kwenye kisiki. Mizizini nako hushirikiana na bakteria wanaoupatia udongo naitrojeni, kama ilivyo kwa kunde.

• Kwamba Waomaha na Waponca, wenyeji wa asili wa Marekani, walikipa jina linalohusiana na ngurumo za nyati? Huchanua wakati madume ya baisani, nyati wa Marekani, yananguruma yakitafuta majike. Waoglala, wenyeji wengine wa asili, walitengeneza chai kwa majani yake. Wakayachanganya pia na mafuta ya nyati na kuyavuta kwenye kiko.

• Kwamba kuna nondo anayekitegemea? Viwavi wa Schinia lucens hula maua yake, na nondo mwenyewe ana rangi ya zambarau, hivyo akitua kwenye suke si rahisi kumwona.

• Kwamba ng'ombe hukipenda mno? Malisho yakizidiwa na mifugo, hiki ni miongoni mwa mimea inayotangulia kupungua. Ukikikuta kimestawi, kama kwenye vilima vya Flint Hills huko Kansas, jua ardhi hiyo haijalimwa wala haijachoshwa na mifugo.

• Kwamba jimbo la Iowa, ambalo zamani takribani asilimia 80 yake ilikuwa prairi, limebakiwa na chini ya asilimia 0.1 ya mbuga hiyo? Kichaka hiki kikipandwa kwa mbegu huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa maua. Kwa hiyo kipande ambacho plau haijakifikia ni rahisi zaidi kukilinda kuliko kukiotesha upya.