Mtihani wa Mbega: Utangulizi kwa Anayechagua Kamera ya Kujifunzia

Wengi wanaoingia katika fani ya picha hapa Arusha humuuliza kwanza muuzaji: kamera hii ina megapikseli ngapi? Jibu lake ni fupi. Picha ya kuchapwa kwenye karatasi ya A4, kwa nukta 300 kila inchi, haihitaji hata megapikseli 9, na kamera nyingi za leo, hata zilizotumika, zina 24. Tusonge mbele.

Swali zito ni la mwanga: kamera inaupokea kwa kiasi gani, na inaweza kutunza giza na weupe katika picha moja? Sijui mtihani mzuri kuliko mbega wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Mwili wake ni mweusi, mabegani kanning'iniza manyoya meupe marefu, naye hukaa kwenye misitu ya Ngurdoto na miteremko ya Mlima Meru, ambako majani huzuia jua hata adhuhuri. Ukipima mwanga kwa weusi wake, manyoya meupe yanageuka doa tupu. Ukipima kwa weupe, uso unapotea. Simu hujaribu kuokoa hali kwa kupiga picha kadhaa na kuziunganisha, lakini mbega hatulii. Kinachosaidia kweli ni kihisi kipana, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Cha milimita 24 kwa 16 hivi, kilichomo kwenye kamera nyingi za wanaoanza, kinakizidi cha simu mara kadhaa kwa eneo.

Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliuamsha ulimwengu, alianza akiwa mvulana Dar es Salaam na kamera ya sanduku, Box Brownie. Ilikuwa kamera rahisi mno, lakini filamu yake ilikuwa pana kuliko vihisi vya kamera nyingi tunazonunua leo.

Baada ya kihisi ni lenzi. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara 9 ya ile inayouzwa pamoja na kamera, ikivutwa hadi mwisho kwenye f/5.6. Kwa nyuso za watu ndani ya Soko Kuu (omba ruhusa kwanza, tafadhali), ningeichagua hiyo. Mbega aliye kileleni mwa mti anataka lenzi ndefu, nayo ni ghali, inaweza kungoja.

Kabla ya kulipa, hakikisha kamera inakuruhusu kupanga tundu, kasi na ISO (usikivu kwa mwanga) mwenyewe, na kuhifadhi faili ghafi. Kisha itoe nje asubuhi, Meru ikiwa wazi, upige mteremko wenye kivuli pamoja na anga. Kuza picha kwenye kioo: miti ionekane kivulini, na anga isiwe imeungua. Mwisho, funga tundu hadi f/16 na upige anga tupu. Madoa yasiyohama kutoka picha hadi picha ni vumbi juu ya kihisi, na msimu wa kiangazi hapa vumbi ni jingi. Mwombe muuzaji akisafishe kwanza.