Kazi ya serikali nyumbani: nani ataitika hodi?

Ada ya watu wa pwani tangu jadi ni kwamba mtu haingii nyumbani kwa mwenziwe ila kwa hodi. Husimama nje akabisha mara tatu. Akiitikiwa huingia, na asipoitikiwa hurudi zake bila ya kinyongo. Ada hii ina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni kuwa nyumba ina heshima na mipaka. La pili ni kuwa mwenye kubisha naye ni mtu, anastahili jawabu. Ndugu msomaji, haya mawili ndiyo mizani tutakayoyapimia mazungumzo yanayosikika sana siku hizi: je, mfanyakazi wa serikali aachiwe kufanya kazi nyumbani kwake, au sharti aonekane afisini?

Kazi ya nyumbani si ngeni kwetu. Walimu wa chuo wamesomesha majumbani mwao vizazi na vizazi, na kofia nyingi nzuri zimeshonwa na wanawake walio ndani. Hata neno baraza, ambalo leo twalitumia kwa mkutano wa chifu na kwa Baraza la Mawaziri, ni lile lile la kikao cha mbele ya nyumba, ambapo watu huketi wakaongea na wakasuluhishana. Lakini mipaka ilijulikana: barazani ni kwa watu wote, ndani ni kwa ahali.

Kwa watumishi wa serikali, jambo hili lilikuja kwa dharura. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akahimiza afisi za serikali na kampuni ziwaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani inapowezekana, isipokuwa wale wa huduma za lazima. Kafyu ikafuata tarehe 27 Machi. Kuanzia tarehe 8 Aprili hadi mapema Juni, Kwale ilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Katika mwaka huo huo watumishi waliopita umri wa miaka 58 na wenye maradhi ya kudumu waliamriwa wabaki majumbani. Kisha, Juni 2023, serikali ikatangaza kuwa huduma zaidi ya 5,000 zimetiwa katika mtandao wa eCitizen. Hapo wengi waliuliza: ikiwa raia aomba huduma kwa simu, karani ana haja gani ya kiti cha afisini?

FAIDA ZAKE

Faida zipo, na kuzikana ni ukaidi. Wako watumishi wa Kwale wanaolala Mombasa, na kila alfajiri huingia feri ya Likoni, kisha matatu hadi Kombani, kisha wapande mlima mpaka mjini Kwale. Jioni safari ni ile ile kwa kinyume chake. Nauli yaliwa, saa zaliwa, na mtu hufika kwenye meza yake nguvu nusu zimekwisha. Mama anyonyeshaye, mzee aliyekaribia kustaafu, na mlemavu ambaye kupanda gari kwake ni mtihani, wote hao hupata nafuu kubwa.

Nayo kazi si lazima ipungue. Huko Shanghai, Uchina, kampuni ya usafiri ya Ctrip iliwajaribu wapokeaji simu wake tangu mwisho wa mwaka 2010 kwa muda wa miezi tisa. Wale waliofanyia kazi nyumbani walizidisha kazi kwa asilimia 13. Lakini karibu nusu ya hao, walipopewa hiari, walirudi afisini, na upweke ukawa miongoni mwa sababu. Wala tusisahau kuwa kazi ya mpokea simu yahesabika. Kazi ya afisa wa ardhi aliyekaa na faili wiki tatu, ni nani atakayeihesabu?

MADHARA KWA MWENYE KAZI

Nyumba ya Shanghai si chumba cha kupanga cha Ukunda. Mtu aliye na watoto wanne na chumba kimoja atafungua kompyuta wapi? Na hapa petu mtu akionekana nyumbani huhesabiwa kuwa hana kazi, hasa akiwa mwanamke. Wageni watakuja, jirani atamwomba amtazamie mtoto, mavyaa atauliza mbona chakula hakijatengenezwa. Atafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja.

Kisha umeme. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani. Mei 2024 nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zilikatika, na mtandao ukajikokota kama kobe. Afisini jenereta itanunuliwa na serikali, lakini nyumbani hata bando la intaneti mtu hulitoa mfukoni mwake.

Zito kuliko yote ni kuvunjwa kwa mipaka. Mkubwa wa kazi huingia ndani kwa simu bila ya hodi, saa tatu za usiku, watu wako mezani. Wareno, ambao pwani hii ina kumbukumbu zake nao, walipitisha sheria mwaka 2021 ya kuwazuia waajiri kuwasumbua wafanyakazi baada ya saa za kazi. Katika hili wamefanya jambo la kuigwa.

MADHARA KWA RAIA

Sasa tumtazame huyo anayebisha. Hesabu ya mwaka 2019 iliwakuta watu 866,820 katika kaunti ya Kwale. Miongoni mwao yuko mzee wa Vanga mwenye shauri la shamba, na katika sehemu hizi ardhi ni kidonda cha miaka. Huyu hana simu ya intaneti. Ana karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki na nauli ya kwenda na kurudi. Akifika akakuta mlango umefungwa, kwake yeye hiyo serikali haipo. Na hata mwenye simu nzuri alikwama Julai 2023, wadukuzi walipoushambulia mtandao wa eCitizen.

Tena kazi nyingi za serikali haziwezi kuhamia nyumbani hata zikisukumwa. Muuguzi wa hospitali ya Msambweni hawezi kumzalisha mtu kwa simu. Afisa wa uvuvi sharti ashuke bandarini Shimoni aone samaki, na daktari wa mifugo sharti afike Kinango. Si insafu mwenye meza apumzike nyumbani hali mwenye bomba la sindano yuko zamu ya usiku kwa mshahara mdogo.

AMANA

Lakini tuseme kweli. Kuwa afisini nako si dhamana. Sote twalijua lile koti lililotundikwa kitini, mwenyewe yuko kwenye chai. Mtu huyo hakuharibiwa na intaneti. Kazi ya umma ni amana, na anayepokea mshahara wa mwezi kwa kazi ya siku kumi, awe afisini au kitandani, ajiulize mwenyewe chakula anachowalisha wanawe ni cha namna gani.

Marekani walitunga sheria ya kuruhusu kazi ya nyumbani mwaka 2010, na Januari 2025 Rais Trump akawaamuru watumishi warudi afisini. Sisi hatuna haja ya kuyumba hivyo. Kazi ya karatasi na hesabu na ifanyiwe nyumbani kwa zamu, siku mbili au tatu kwa wiki, kwa kipimo cha kazi iliyokwisha. Mafaili ya wagonjwa na ya mashamba yasitoke masijala, kwani tangu 2019 tunayo sheria ya kulinda habari za watu. Vyombo na intaneti vitolewe na serikali. Baada ya saa za kazi simu ya mkubwa inyamaze.

Na kila idara, kila siku ya kazi, iwe na mtu mezani mwenye uwezo wa kuamua, jina lake na nambari yake ya simu vimebandikwa mlangoni. Bila ya sharti hili la mwisho, hayo mengine yote ni starehe ya watumishi, na mzee wa Vanga ndiye atakayeilipia kwa nauli yake.