Je, Wajua? Springi Inayovizia Vidole

Ford Model T, iliyoundwa kuanzia 1908 hadi 1927, ilibebwa na springi mbili tu: moja mbele, moja nyuma, zote zikikingama gari.

Springi ya nyuma ya mrithi wake, Model A, imepindwa mithili ya upinde. Ikiwa garini huwa imetanuliwa kwa nguvu. Ukiing'oa ncha bila chombo cha kuitanua, hujikunja ghafla. Vidole visiwe karibu!

Hatari zaidi ni bolti ya katikati, inayoshikanisha mabapa ya springi. Mabapa hayo hayajapinda sawasawa. Nati ikitoka, yanafyatuka. Fundi mjuzi huyabana kwa klempu, kisha hulegeza polepole.

Na gari likiinuliwa kwa kazi hii, jeki peke yake haitoshi: fremu ikae juu ya stendi.

Springi kuukuu? Mafundi wa jua kali huzifua zikawa visu na patasi.