Ndege aliyejeruhiwa: Huruma isiyo na maarifa humuua

BUNDI anayegongwa na gari usiku katika barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru hukabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni gari lenyewe. Ya pili ni binadamu anayempata alfajiri akiwa amejikunyata kando ya lami.

Miongoni mwa jamii nyingi nchini, bundi huaminika kuwa mjumbe wa mauti, na wapo wasiosita kumrushia mawe. Wenye imani hiyo husahau kwamba ndiye anayewapunguzia panya ghalani. Hata hivyo, bundi huyo aweza kufa vilevile mikononi mwa msamaria mwema, kwa kosa dogo la kumnywesha maji.

Tundu la njia ya hewa la ndege liko kwenye shina la ulimi. Maji yakimiminwa mdomoni mwa ndege aliyezimia nusu, huteremka hadi mapafuni. Maziwa nayo hayamfai kwa kuwa hawezi kumeng'enya sukari iliyomo, na mkate humjaza tumbo bila kumpa nguvu.

Kosa jingine ni kumbana. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama binadamu. Huvuta hewa kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari. Anayemkumbatia kwa nguvu kifuani ili asitoroke humnyonga pasi na kujua. Aidha, ndege wa porini humwona binadamu kama adui aliyemkamata ili amle. Kumpapasa kichwa, kumsemesha na kuwaita watoto waje kumtazama ni mambo yanayomzidishia hofu, na hofu pekee yaweza kumuua.

Kinachohitajika ni katoni yenye matundu madogo, iliyotandikwa kitambaa. Ndege hufunikwa taulo mwili mzima, mabawa yakakunjwa taratibu ubavuni, kisha akatiwa ndani na katoni kufungwa. Chupa ya maji ya moto iliyoviringwa kwa nguo huwekwa upande mmoja tu, ili aweze kuisogelea au kuiepuka. Katoni huwekwa mahali palipo kimya, mbali na paka na redio.

Anayemshika ajilinde pia. Silaha ya bundi, mwewe na tai ni makucha zaidi kuliko mdomo. Korongo, kwa upande wake, hudona akilenga macho. Mikono ioshwe kwa sabuni baadaye, kwani ndege huweza kuambukiza maradhi.

Ndege aliyejigonga kwenye kioo cha dirisha mara nyingi hupata fahamu baada ya saa moja au mbili gizani. Katoni ifunguliwe nje, naye aruke mwenyewe, asirushwe hewani.

Aliyevunjika bawa hana muda. Mifupa ya ndege huungana upesi, pengine katika wiki mbili au tatu, na ikiungana vibaya hataruka tena. Kwa hivyo kukaa naye nyumbani "apate nafuu kwanza" ni kumhukumu kifungo cha maisha. Daktari wa mifugo au Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) waarifiwe siku iyo hiyo. Wakfu wa Kenya Bird of Prey Trust nao umekuwa ukiwatibu ndege wawindaji katika vituo vyake vya Naivasha na Soysambu. Isitoshe, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kumweka mnyamapori bila kibali.

Makinda huokolewa kimakosa zaidi ya ndege wengine wote. Kinda mwenye manyoya anayerukaruka chini ya mti si yatima. Anajifunza kuruka, na wazazi wake humlisha papo hapo ardhini. Paka ndiye anayefaa kuondolewa. Kinda aliye uchi arejeshwe kiotani, kwani dhana kwamba mama humkataa mwanawe akiguswa na binadamu haina msingi.

Tumbusi wanaopatikana wamelala karibu na mzoga wasiguswe kwa mikono mitupu. Katika maeneo ya ufugaji, baadhi ya watu hutia mizoga dawa ya wadudu ili kuua simba au fisi, na mzoga mmoja waweza kuangamiza makumi ya tumbusi. Sumu hiyo humdhuru binadamu pia, na KWS inapaswa kuarifiwa mara moja.

Kasuku wa kijivu ana masaibu yake. Msitu wa Kakamega ndio ukingo wa mashariki wa makazi yake ya asili, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini imepigwa marufuku. Mwaka 2022, KWS iliwapa wanaowafuga muda wa kuwasajili. Mwenye kibali akumbuke kwamba parachichi ni sumu kwa kasuku, na kwamba mvuke wa kikaango kisichoshika chakula, kikipata moto kupita kiasi, huweza kumuua. Akiachwa mpweke, hujinyonyoa manyoya.

Bundi aliyepona huachiliwa magharibi, jua likizama, karibu na mahali alipookotwa lakini mbali kidogo na lami. Hapo ndipo anapoijua miti yake, na huenda mwenzake yungali anamwita.